Tope la Bi Mwanaidi

Nianze na aibu yenyewe tuimalize, maana najua kuna mtu wa Ngamiani, Tanga, atasoma hapa aseme, "Mbona lile hajalisema?" Haya, nalisema. Siku ya kuanua matanga ya Bi Mwanaidi, mimi Mbwana, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na wajukuu, nilimpigia kelele mtoto wa watu ndani ya nyumba ya msiba, nikamnyang'anya kitu mkononi, kisha nikakaa chini sakafuni nikalia. Si yale machozi ya kiume ya kujifuta na ncha ya kanzu ukasingizia vumbi. Nililia kwa kwikwi, na kamasi juu, mpaka shangazi mmoja aliyetoka Pangani akamuuliza mwenzake, kwa sauti ambayo yeye aliamini ni ya kunong'ona, "Kumbe mume wa marehemu aliacha mtoto wa nje?" Na kitu chenyewe nilichokuwa nimekikumbatia kama yai kilikuwa kifaru cha plastiki, cha vita, ukubwa wa mkate wa boflo.

Ya wazazi wangu nayaacha. Walinizaa, wakachoka, basi. Shule niliishia kidato cha pili. Watu husema shule ilinishinda. Si kweli, tuliachana kwa heri, kila mtu akashika njia yake. Mwaka ninaousema nilikuwa kijana wa ndevu tatu, najifunza kupiga rangi magari kwenye gereji moja kule Mabawa, kwa Fundi Kombo. Kazi yetu ilikuwa kudanganya. Gari limegongwa ubavu mzima umeingia ndani, sisi tunanyoosha, tunapaka puti, tunapiga msasa, tunapiga rangi, na mwenye gari akija anazunguka mara mbili hajui paligongwa wapi. Fundi Kombo alikuwa akisema fundi mzuri hasifiwi, kwa sababu hakuna anayeona alichofanya. Nikaona hiyo ndiyo kazi yangu, maana kusifiwa sikuwa nimezoea hata kidogo.

Siku moja nikatumwa Ngamiani kupaka rangi mlango wa chuma wa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Afande, na hata muuza kahawa alipofika pale alisimama wima kwanza ndipo amimine. Alikuwa mrefu, mkavu, anamtazama mtu kwa upande kama kuku, na mimi nikadhani ni dharau. Kumbe macho yalikuwa yanamwisha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na mwanga uliokwenda haurudi, akae akijua. Nilipomaliza mlango akaupapasa, akainusa rangi, akasema, "Kuruta, unajua kupaka rangi. Unajua kuchafua?"

"Kuchafua vipi, Afande?"

"Kitu kipya kionekane kimetumika."

"Afande, sisi watu wanatuletea vikuukuu tuvifanye vipya. Anayetaka kipya chake kiwe kikuukuu hajatokea bado."

"Basi katokea," akasema. "Ingia ndani."

Sebule ile naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka sura yangu ya wakati ule, na nashukuru kwa hilo. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ukipita unajiona. Kabati la vioo lenye vikombe vya maua ambavyo havijawahi kutiwa chai tangu vinunuliwe. Redio imevikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Na karibu na dirisha, meza, na juu ya meza, boksi. Mwanawe Salimu alikuwa baharia, na safari moja alimletea baba yake zawadi hiyo kutoka huko walikotia nanga: kifaru cha kuunga mwenyewe, vipande tupu, vidogo kama mifupa ya dagaa. Afande alipigana vita vya Kagera ndani ya kifaru, yeye ndiye mpiga mzinga. Mikono yake sasa ilitetemeka na macho yalikuwa yanafungwa kidogo kidogo, kama duka linalokaribia adhana. Akaniambia wazi: anataka kifaru hiki kiwe kama kile chake, kwa tope na moshi na mikwaruzo, na anataka akione kabla macho hayajazimika. Hakutaka jambo lingine duniani. Hija alishakwenda.

Basi nikawa nakwenda kila siku baada ya alasiri, nikitoka gereji. Mwanzo ulikuwa wa aibu tupu. Gurudumu moja lilidumbukia kwenye kikombe changu cha chai nikaligundua mdomoni, nikiwa tayari nimelitafuna pamoja na kitumbua. Halafu nikajitia fundi, nikakipeleka kifaru gereji nikakipiga na kompresa ile ya mabasi; mfuniko wa dereva, ule wa tundu analoingilia, uliruka ukaenda kutua juu ya bati la jirani, nikapanda kuutafuta huku wanawake wa nyumba ile wakiniita mwizi. Tukaishia kutumia pampu ya Bi Mwanaidi ya dawa ya mbu, nikaijaza rangi ya kijani iliyozimuliwa kwa tina. Rangi ilikaa vizuri ajabu. Lakini nyumba ilinuka tina kwa siku nyingi, na Bi Mwanaidi akawa anasema mbu wa chumbani kwake sasa wanamuuma wamevaa magwanda.

Bi Mwanaidi ndiye mke wa Afande. Mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa maneno, mkali wa usafi. Alinilisha mwaka ule mzima. Akipika bada, ugali wetu wa muhogo, na papa wa nazi, anakata tonge la kwanza ananipa mimi, "Kula, mwanangu, mikono yako inamshikia mume wangu." Nilidhani ananitania tu. Mpaka siku moja nimekaa dirishani nachonga kipande, yeye yuko uani na jirani yake Mama Zuhura wanachambua mchele, pazia tu katikati yetu, nikamsikia.

"Shoga, huyu mtu kanioa kabla hajakwenda huko vitani. Alikwenda anasema kama kasuku. Aliporudi nikamuuliza, 'Kulikuwaje?' Akaniambia, 'Kulikuwa na mvua.' Mpaka leo, shoga. Vita ninayoijua mimi ni ya mvua."

"Na huyo kijana wa rangi?"

"Huyo ndiye mke mwenzangu sasa. Yeye na lile dude lao. Anaambiwa mpaka tope lilikuwa la rangi gani. Mimi sijui hata kwenye kifaru mtu hukaa vipi."

Walicheka. Lakini Bi Mwanaidi aliacha kucheka mapema kuliko mwenzake, na nikasikia mchele ukipepetwa kwa nguvu kuliko unavyostahili.

Kuchafua kukaanza. Hapo sasa nikaonyesha ujuzi wangu wote, na ujuzi wangu wote ulikuwa wa mtoto wa pwani. Kwetu chuma kikizeeka kinaliwa na chumvi. Mabati, madirisha, baiskeli, yote kutu. Kwa hiyo nikakoroga chai ya rangi kali, majivu, na unga wa kutu niliokwangua kwenye milango ya magari, nikakipaka kifaru kutoka mzinga mpaka minyororo. Kikawa chekundu, kimechakaa, kinatia huruma. Nikajisifu moyoni. Afande akakipeleka karibu na lile jicho lake lenye nafuu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hiki kilizama baharini?"

"Kimezeeka, Afande."

"Kuruta, kule hakuna chumvi. Na kifaru kinachotembea hakishiki kutu, kinashika tope. Kutu ni ya kitu kilichoachwa." Akakiweka chini polepole. "Sisi tulikuwa tunatembea."

Nikakwangua yote nikaanza upya. Hapa ndipo anapoingia Hizza, rafiki yangu wa gereji, Mbondei wa Muheza, Mkristo, mtu wa kula. Nilimweleza tatizo langu: Afande anataka udongo mwekundu kama wa kule walikopita, na Ngamiani sisi tuna mchanga tu wa kijivu. Jumapili Hizza akaenda kwao kwa baiskeli akarudi na udongo wa Muheza ndani ya kopo la maziwa, mwekundu kama ndani ya tikiti. Baiskeli yenyewe ilirudi na mwingine wa kutosha kupanda muhogo. Hizza hajawahi kuosha baiskeli, mpaka leo. Nilikuwa namwambia baiskeli yako ukiimwagilia maji itaota. Tukautwanga ule udongo, tukauchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na gundi kidogo. Kwa kipande cha sponji ya godoro nikagonga gonga rangi ya giza kwenye kingo, ionekane imebanduka. Ncha ya penseli nikaisugua kwenye minyororo ikatoa mng'ao wa chuma kilichosagwa na barabara. Masizi ya koroboi nyuma, panapotoka moshi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufanya kazi ili ionekane. Afande alikaa pembeni ananielekeza: hapa tope jingi, hapa vumbi tu, hapa tawi lilikwaruza. Na siku moja akaweka kidole kwenye ukingo wa mfuniko wa dereva. "Hapa uweke tope zito. Hapa alikuwa anakanyaga akiingia."

"Nani, Afande?"

"Dereva," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Ramadhani ikaingia. Tukawa tunafuturu pale, Hizza naye kila siku yumo, anasema yeye hafungi ila kufungua anaweza kusaidia. Kazi ilikuwa imebaki kidogo sana. Jumapili moja mchana, jua la Tanga linawaka, dirisha wazi, nipo nasugua penseli, Afande akasema kwa upole, "Kuruta, washeni taa." Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni na ufagio. Akanitazama, nikamtazama. Kisha akaenda ukutani, akaibonyeza swichi, ikalia ka, akasema, "Umeme hakuna, baba Salimu." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, na akakaa hivyohivyo uso wake umeelekea dirishani, jua lote limemjaa usoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja taa tena ndani ya nyumba ile. Hatukuwahi. Nimepiga rangi mabasi mangapi kwa haraka, tajiri anasubiri safari, nikamaliza. Kazi ile moja iliyokuwa na haja ya haraka nilichelewa.

Nikaimalizia hata hivyo, mfungo ukiwa ukingoni. Tope la mwisho, lile zito la kwenye mfuniko, lilikuwa bichi, nikamwambia asikiguse mpaka likauke, siku ya Idd nitamkabidhi mkononi. Akakubali. "Sikioni," akasema, "lakini vidole vyangu vinakijua."

Sasa, asiyekulia Ngamiani hajui mkesha wa Idd. Magodoro yanapigwa, mapazia yanafuliwa, vikombe vya kabatini vinashuka kuoshwa ingawa ni safi. Nyumba itakayokutwa na vumbi asubuhi ya Idd itasemwa mpaka Idd nyingine. Asubuhi ile mimi nimevaa kanzu, Hizza kavaa shati la kanisani, tunaingia kutoa mkono wa Idd na kuvizia pilau, nikatupa jicho kabatini. Kati ya vikombe vya maua, juu ya kitambaa cha kudarizi, kifaru kilikuwa kinang'aa. Kijani, kisafi, kama ndimu iliyotoka kuchumwa. Bi Mwanaidi alikuwa amekisugua kwa sabuni ya unga na mswaki, kila mnyororo, kila pembe. Mwaka mzima ulikuwa umekwenda na maji ya uani.

"Kuruta umefika?" Afande alisikia hatua zangu. "Nipe kifaru changu."

Ningefanya nini? Nikampa. Vidole vyake vikaanza kwenye mzinga, vikashuka, vikapita kwenye minyororo, taratibu, mpaka ukingo wa mfuniko wa dereva. Hapo vikasimama. Vilikaa pale muda mrefu.

"Nani amekiosha?"

"Mimi, baba Salimu," Bi Mwanaidi akajibu kutoka mlangoni, sinia la pilau mikononi. "Kilikuwa na matope, na wageni waja." Halafu akaongeza, chini kidogo, "Na mimi nilitaka niwe nimekifanyia kitu."

Nilitega miguu yangu ya kukimbilia. Afande akikasirika hata paka walijua pa kwenda. Lakini hakukasirika. Alianza kusema, na alikuwa anasema na mkewe, sisi wengine ni kama hatumo.

"Mwanaidi, dereva wetu aliitwa Mhando. Alikuwa mtu wa kucheka. Risasi ilimpata kichwa kimetoka nje, anatafuta njia, kwa ajili ya mvua. Tulimtoa, tukamzika kulekule. Asubuhi amri ikaja kifaru kioshwe, dereva mwingine akae. Ndoo nikapewa mimi. Nikaosha ndani, ndani nilijua lazima. Nikaja nje. Pale alipokuwa anakanyaga kila siku akiingia palikuwa na tope la viatu vyake, limegandana, lina umbo la soli. Nikaliosha nalo. Hakuna aliyeniambia nilioshe lile, Mwanaidi. Nje ningeweza kuacha. Nilikisugua mpaka kikang'aa, halafu nikatafuta kitu chochote cha Mhando kimebaki, hakuna."

Hakulia. Alikuwa amekishika kile kifaru tu, sabuni bado inanukia. Hizza alikuwa na pilau mdomoni na akaacha kutafuna, na anayemjua Hizza atajua uzito wa jambo hilo.

Bi Mwanaidi akaweka sinia chini. Akatoka uani, gauni lake jipya la Idd linaburura, akarudi na mchanga kwenye kisahani kimoja cha vile vikombe vya maua, ameutia maji, anaufinyanga kwa mkono wenye hina mbichi ya jana. Akapiga magoti mbele ya mumewe.

"Alikuwa anakanyaga wapi, huyo Mhando?"

Afande akautafuta mkono wake, akaupata, akakishika kidole gumba akakielekeza. "Hapa."

Akabonyeza. Akakishikilia pale.

"Huu mchanga wa uani," Afande akasema.

"Ndio uliopo."

"Basi uache."

Wageni walipoingia walikuta mwenye nyumba wa kike ana tope mpaka kwenye kiwiko siku ya Idd, na alisemwa, nakwambia, alisemwa mpaka Idd nyingine. Hiyo nyingine Afande hakuikuta. Alifariki kabla ya watu kwenda Hija, mchana, usingizini, na Bi Mwanaidi aliniambia kwamba katika ile miezi michache alimsimulia vita yote, kuanzia stesheni ya treni. "Nilikuwa namwambia lala, hataki," akasema. Kifaru alikiweka kabatini kikafunikwa na bakuli la kioo. Kila Idd niliyokwenda, na nimekwenda zote, alinipokea mlangoni, "Karibu, mke mwenza. Njoo umuone mume wetu." Vyote ndani ya kabati lile alivisugua, kasoro hicho. Tope lake lilikauka likawa gumu kama saruji, na alama ya kidole ilibaki, mistari yote, unaweza kuihesabu.

Kwa hiyo sasa unajua. Siku ya kuanua matanga waliniita ndani nisaidie kulisogeza kabati, wanawake walikuwa wanasafisha nyumba, na nikamkuta Rehema, binti wa Salimu aliyekuja kutoka Dar, ameondoa bakuli, kifaru kiko mkono wa kushoto, kitambaa cha maji mkono wa kulia, anaanza na pale penye tope zito. Mtoto mwenye adabu, anafanya alichofundishwa na bibi yake mwenyewe. Ndipo nikapiga ukelele wangu. Mengine nilishasema mwanzo, sirudii, aibu moja haililiwi mara mbili.

Nilipoweza kusema nikamweleza, palepale sakafuni, yeye kachuchumaa mbele yangu. Shangazi wa Pangani naye akasogea, akijidai anafagia. Rehema akakitazama kile kidoa cha mchanga wa kijivu.

"Kwa hiyo, babu, hiki ni kidole cha bibi?"

"Ndiyo, mama."

Akaleta kidole chake gumba karibu kabisa, juu ya alama ile, bila kuigusa. Kisha akakirudisha kifaru mahali pake, akakifunika na bakuli, akaenda kukamulia kitambaa chake nje.

Nikatoka. Barazani Hizza alikuwa ananisubiri, baiskeli yake ameiegemeza ukutani, ileile, tope la miaka yote juu ya tope. Siku hizi anaisukuma zaidi kuliko kuipanda, magoti hayamtaki. Alikuwa amesikia kilio changu chote kutoka nje. Nilikaa nikingoja matusi, maana tangu ujana hajawahi kuniachia nafasi kama hiyo ipite. Tukaondoka, tukatembea mpaka karibu na soko, baiskeli katikati yetu, matusi hayajaja. Mwishowe akaangalia matairi, akasema, "Mbwana, nikitangulia mimi, hii usiwaache waioshe."